NYUMBA INE KATIKATI YA BAHARI: HABARI YA MUNARA WA TAA WA EDDYSTONE



Wote tunakumbuka ile siku mvua kubwa iliangusha ukuta wa bustani ya shule. Ukuta ule tuliujenga sisi wenyewe wa kalasi ya ine, kwa mikono yetu, muda wa siku sita za kazi ya mikono. Asubuhi tulipoukuta chini, wengine walicheka. Wengine walisema: «Basi, tuache. Ni kazi ya bure.» Mwalimu wetu wa jeografia hakucheka. Aliuliza swali moja tu: «Je, mumeuliza ule ukuta sababu gani ulianguka?» Hakuna aliyejibu. Kiisha akatusimulia habari ya miamba fulani ya bahari kule Uingereza, mahali watu walijenga nyumba ya taa mara ine. Tukaenda kutafuta zaidi katika vitabu, na leo tunawaandikia yale tuliyoyapata.

1. Munara wa taa ni kitu gani?

Wengi wetu hatujaona bahari. Lakini wenzetu wanaotoka kando ya Ziwa Tanganyika wanajua taa za wavuvi wa ndagala usiku. Taa ya muvuvi inaita samaki: «Kuja hapa!» Taa ya munara inafanya kazi ingine. Yenyewe inaambia merikebu: «Usikuje hapa, kuko kifo!» Kwa Kifaransa munara wa namna hii unaitwa phare.

Ni lazima kujua tena jambo moja: maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili karibu kila siku. Maji yakishuka, mwamba unaonekana. Yakipanda, mwamba umefichwa, lakini uko pale pale chini ya maji kama musumari ndani ya majani. Merikebu ikipita juu yake, tumbo lake linapasuka.

2. Miamba ya Eddystone

Kusini ya Uingereza kuko muji wa Plymouth, wenye bandari kubwa. Kilometa karibu 20 kutoka muji ule, katikati ya bahari, kuko kikundi cha miamba myekundu inayoitwa Eddystone. Maji yakipanda, karibu yote inafunikwa. Na mawimbi yanayofika pale ni makubwa sana, kwa sababu yanatoka mbali katika Bahari ya Atlantiki na hakuna kisiwa cha kuyazuia.

Kwa miaka mingi merikebu zilivunjika pale. Wakubwa wa merikebu waliogopa miamba ile hata wakapita mbali sana upande wa kusini, na wengine kwa kuikimbia walikwenda kupiga miamba ya upande wa Ufaransa. Kila mutu alisema taa inahitajiwa. Lakini nani ataweza kujenga juu ya jiwe linalozama kila siku?

3. Nyumba ya kwanza: Winstanley (1698)

Wa kwanza alikuwa Henry Winstanley. Hakuwa injenieri. Alikuwa muchoraji wa picha na mutu wa kutengeneza vitu vya kushangaza watu. Kule London alikuwa na nyumba ya michezo ya maji, na watu walilipa feza ili waione. Alikuwa pia amenunua merikebu, na wanasimulia kama mbili zake zilivunjika juu ya Eddystone. Ndiyo sababu alikasirika na kusema atajenga.

Alianza mwaka 1696. Muda wa miezi ya joto ya mwaka ule, yeye na watu wake walifaulu tu kutoboa matundu 12 katika mwamba na kusimamisha vyuma 12 ndani yake. Kila siku walipaswa kutoka Plymouth kwa mashua, kufanya kazi saa chache wakati maji yameshuka, kiisha kurudia. Siku zingine walifika pale na bahari ikawakatalia kushuka.

Mwaka 1697 jambo lingine likatokea. Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika vita. Merikebu ya vita iliyowekwa kuwalinda haikuwapo siku ile, Wafaransa wakamukamata Winstanley na kumupeleka Ufaransa. Lakini mufalme Louis wa 14 aliposikia, aliamuru afunguliwe. Wanasimulia kama alisema vita yake ni na Uingereza, si na wanadamu wote. Kwa kweli, taa ile ingesaidia merikebu za mataifa yote.

Taa iliwashwa tarehe 14 Novemba 1698. Ilikuwa mishumaa tu. Wakati wa baridi mawimbi yaliruka juu kuliko taa yenyewe, basi mwaka 1699 Winstanley aliongeza unene na urefu wa munara. Aliupamba pia na vyuma na mbao za kuchongwa, hata ukafanana na nyumba ya sherehe. Watu waliotia mashaka aliwajibu kama yeye anatamani kuwa ndani yake siku ya zoruba kubwa kupita zote.

Akapata alichotamani. Usiku wa 26 kuamukia 27 Novemba 1703, zoruba kubwa sana ilipiga Uingereza. Winstanley alikuwa ndani ya munara, amekwenda kuutengeneza. Asubuhi watu wa Plymouth waliangalia baharini: hakuna kitu. Munara, Winstanley, walinzi, vyote vilikwenda. Vilibaki vyuma vichache tu katika mwamba. Na siku chache nyuma yake, merikebu iliyotoka Virginia na tumbako ikavunjika pale pale. Muda wa miaka mitano ya taa, hakuna merikebu iliyopotea juu ya mwamba ule. Hivi watu waliona kwa macho taa ilikuwa na faida gani.

4. Nyumba ya pili: Rudyerd (1709)

Wa pili, John Rudyerd, alikuwa muchuuzi wa hariri kule London. Yeye naye hakuwa injenieri, lakini aliuliza swali lile la mwalimu wetu: munara wa kwanza ulianguka sababu gani? Aliona kama ulikuwa na pembe nyingi na mapambo mengi, na kila pembe ni mafasi ya upepo kushika. Basi yeye alichora munara wa mviringo, laini, mupana chini na mwembamba juu. Alichukua mafundi wa kutengeneza merikebu. Wakaujenga kwa mbao kama merikebu inayosimama, na ndani yake wakajaza majiwe ili uwe muzito.

Namna alivyofunga vyuma katika mwamba ni ya akili. Tundu lilikuwa jembamba juu na pana chini. Alimimina ndani mafuta ya nyama yaliyo moto, kiisha chuma, kiisha madini ya bati iliyoyeyushwa. Bati ni nzito kuliko mafuta, basi ikashuka chini na kusukuma mafuta inje, pamoja na maji yote. Ilipopoa, chuma hakikuweza kutoka tena.

Munara huu ulimalizika mwaka 1709, ukasimama miaka 46. Mwanzoni ulikuwa na walinzi wawili tu. Siku moja mulinzi mumoja alikufa. Mwenzake aliweka alama ya kuita mashua, lakini bahari ilikuwa mbaya, mashua haikuweza kufika karibu mwezi muzima. Alipenda kutupa maiti baharini, lakini aliogopa: watasema nimemuua. Akakaa na maiti ile mupaka mashua ilipofika, na harufu ilikuwa imejaa munara wote. Toka siku ile waliweka walinzi watatu. Kanuni moja ndogo, lakini munaona bei yake.

Upepo na maji havikuweza kuangusha munara wa Rudyerd. Adui wake alitoka ndani. Usiku wa 2 Desemba 1755, moto ulianza juu karibu na mishumaa. Mulinzi wa zamu alikuwa muzee Henry Hall. Wanasema alikuwa na miaka 94. Alirusha maji juu kwa ndoo, lakini paa lilikuwa na risasi, yaani ile madini nzito, nayo iliyeyuka na kuanguka juu yake. Walinzi wakashuka kidogo kidogo, moto ukiwafuata, mupaka wakajificha katika pango la mwamba, na mashua ikakuja kuwaokoa. Muzee Hall alisema risasi iliingia katika koo lake. Muganga hakusadiki. Siku ya 12 muzee alikufa, na muganga alipopasua tumbo alikuta kipande cha risasi cha gramu karibu 200. Kipande kile kiko mupaka leo katika nyumba ya makumbusho ya Edinburgh.

5. Nyumba ya tatu: Smeaton (1759)

Safari hii walitafuta mutu wa siansi. Walimupata John Smeaton, mwenye miaka kidogo zaidi ya 30. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia na alipenda kujaribu kila kitu kabla ya kukisadiki.

Smeaton naye aliuliza. Munara wa kwanza ulishindwa na upepo na maji; wa pili ulishindwa na moto. Basi wa tatu utakuwa wa majiwe. Watu walimuambia: majiwe ni mazito, wimbi litayaangusha. Yeye alijibu kama uzito ndio utakaoshinda wimbi. Na kwa umbo lake, alifikiri muti wa mwaloni: chini ni munene na unapanuka kwenye mizizi, juu ni mwembamba. Upepo unautikisa, lakini hauungoi.

Kazi ya kwanza, mwaka 1756, ilikuwa kuchonga mwamba wenyewe. Mwamba uliinama upande moja. Wakaukata kama ngazi, ili majiwe yalale sawa na yasiteleze. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 12 Juni 1757.

Namna ya kuunganisha majiwe njo ajabu yake. Munajua fundi seremala anavyounganisha pembe za sanduku zuri: anachonga ulimi mupana mbele na mwembamba nyuma, unaingia katika tundu la umbo lile lile, na hauwezi kuvutwa. Smeaton alifanya hivi kwa majiwe. Kila jiwe lilishikana na jirani zake wa pande zote, na kila mustari ulishikana na mustari wa juu na wa chini kwa vipande vya jiwe gumu. Kwa inje aliweka graniti, kwa ndani jiwe la Portland. Majiwe yote, karibu 1,500, yalichongwa Plymouth na kujaribiwa inchi kavu kwanza, ndipo yakapelekwa kwa mashua. Kule baharini hakuna saa ya kukosea.

Lakini kuko swali moja gumu: ni kitu gani kitashika majiwe? Chokaa ya kawaida inahitaji hewa ili ikauke. Ukiitia ndani ya maji inabaki laini, kiisha inakwenda. Smeaton alikusanya majiwe ya chokaa ya mafasi mbalimbali. Alichoma, akatengeneza viringo vidogo, akavitia ndani ya maji, akangojea. Vingine viliyeyuka. Vingine vikawa vigumu mule mule ndani ya maji! Sababu gani? Alichukua jiwe la kila namna na kulitia katika asidi. Majiwe ya chokaa safi yaliyeyuka yote. Lakini yale yaliyofaulu yaliacha udongo chini ya chombo, udongo kama ule wa kufinyanga vyungu. Njo hapo alielewa: watu walizani chokaa nyeupe na safi ndiyo bora, kumbe kwa kazi ya majini ile iliyo na udongo ndani ndiyo inayoshika.

Alichukua chokaa ya Watchet, akaichanganya na udongo wa volkano kutoka Italia, ambao Waroma wa zamani waliutumia katika bandari zao. Muchanganyiko huu uligeuka kuwa mugumu hata maji yakiufunika. Wengine nyuma yake waliendelesha kazi ile, na mwaka 1824 Joseph Aspdin, fundi wa Leeds, alipata kibali cha kutengeneza simenti aliyoiita Portland, kwa sababu ikikauka inafanana na jiwe lile la Portland. Wanafunzi wenzetu, tazameni mufuko wa simenti: mara mingi mutaona neno hili limeandikwa. Simenti yetu ya leo si ile ya Smeaton, lakini njia yake ilipita juu ya mwamba ule.

Tusisahau wafanyakazi. Wakati ule jeshi la bahari lilikamata wanaume kwa nguvu ili kuwatia katika merikebu za vita. Basi watu wa Smeaton walipewa, kila mutu, kipande cha madini chenye muchoro wa munara. Akikamatwa, anaonyesha: mimi ni wa Eddystone. Na anaachwa.

Taa iliwashwa tarehe 16 Oktoba 1759, mishumaa 24. Ndani ya munara Smeaton alichongesha maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 127. Munaweza kuyasoma wenyewe. Na wanasimulia kama nyuma ya zoruba alipanda kwenye kilima cha Plymouth na darubini yake, kuangalia kama munara wake ungali umesimama. Mutu aliyepima yote na kujaribu yote, naye alikwenda kuangalia.

6. Nyumba ya ine: Douglass (1882)

Munara wa Smeaton ulisimama katika kazi yake zaidi ya miaka 120. Mishumaa ikaondolewa, taa za mafuta zikakuja. Wengine waliojenga minara katika bahari, kama Robert Stevenson kule Scotland, walijifunza kwake.

Lakini karibu mwaka 1877 walinzi walilalamika: wimbi kubwa likipiga, munara unatikisika. Mainjenieri walikwenda kuchunguza. Walikuta nini? Majiwe yangali yameshikana vizuri. Chokaa ingali ngumu. Ni mwamba wenyewe chini ya munara uliokuwa ukiliwa na maji! Nyumba ilikuwa nzima. Kilichougua ni kile ilichosimama juu yake.

Hapa tulisimama kidogo katika kusoma. Sisi sote toka Shule ya Siku ya Mungu tunajua mufano wa mutu aliyejenga juu ya mwamba, na mufano ule ni wa kweli. Lakini mwamba wa bahari ni jiwe tu, nalo jiwe linazeeka. Mujenzi anapaswa kuchunguza hata kile anachokiamini.

James Douglass alipewa kazi ya kujenga munara wa ine juu ya mwamba jirani ulio imara. Aliheshimu kazi ya Smeaton, lakini alisahihisha jambo moja. Munara wa Smeaton ulipanuka chini kama muti, na mawimbi yalipanda juu ya upana ule kama juu ya ngazi mupaka kwenye taa. Douglass aliweka chini musingi munene, mviringo, wenye pande za kusimama, ili wimbi livunjike pale kwanza. Jiwe la musingi liliwekwa mwaka 1879, taa ikawashwa tarehe 18 Mei 1882. Munara huu una urefu wa meta 49. Ule wa Smeaton ulikuwa na 22.

Na munara wa Smeaton? Watu wa Plymouth hawakukubali upotee. Walichanga feza, sehemu ya juu ikabomolewa jiwe kwa jiwe, ikaletwa na kusimamishwa tena juu ya kilima, kule kule Smeaton aliposimama na darubini. Toka mwaka 1884 wageni wanaupanda. Sehemu ya chini ilibaki juu ya mwamba, na ingali pale, kando ya munara mupya, kama baba kando ya mutoto.

Leo taa ya Eddystone inapiga mwanga mara mbili kila sekunde 10. Kila munara una hesabu yake, ndiyo sababu baharia akihesabu anajua yuko wapi. Toka mwaka 1982 hakuna mulinzi tena. Mashini zinafanya kazi peke yao, na toka mwaka 1999 nguvu inatoka kwa jua. Mafundi wanafika kwa helikopta.

7. Na ukuta wetu?

Tulipomaliza kusoma, tulikwenda na jembe kuchimba kando ya ukuta ulioanguka. Tulikuta matofali mengi yangali yameshikana, hata fundi wetu alishangaa. Lakini chini kulikuwa mufereji: maji ya paa la kalasi yalipita pale pale, yakakula udongo kidogo kidogo. Hatukukosea katika matofali. Hatukuangalia maji.

Basi tutajenga tena. Lakini kwanza tutachimba njia ingine ya maji, na kwa kazi hiyo tunahitaji watu kumi wenye majembe siku ya Posho muchana. Anayependa aandike jina lake kwa mukubwa wa kalasi ya ine.

Maswali ya kufikiri:
a) Kwa sababu gani Rudyerd alimimina mafuta mbele ya bati?
b) Udongo ndani ya jiwe la chokaa ulisaidia nini?
c) Taja kitu kimoja katika shule yetu kilichoharibika. Je, umekiuliza sababu?

Sisi wa kikundi cha uandishi, kalasi ya ine